Kichwangomba cha Ukambani na Fito za Paris



Katika barua zilizoletwa juma hili imo moja ambayo sikuweza kuiweka kando. Mwandishi wake ni karani wa hapa mjini Machakos, mtu wa heshima na baba wa watoto wanne, naye ameniomba nisilitaje jina lake. Asema kwamba mwalimu wa shule anakosoma binti yake wa miaka tisa alimwona mtoto huyo akipiga vichwangomba nyasini wakati wa mapumziko, akastaajabia wepesi wake, akampelekea baba habari kuwa yafaa mtoto apelekwe Nairobi kila Jumamosi akafundishwe michezo ya viungo, ile iitwayo jimnastiki. Mama mtu amekubali. Nyanya, au susu kama tusemavyo kwetu, amekataa katakata, na sababu zake ni tatu: kwamba mtoto atavunjika shingo, kwamba msichana anayejirusharusha hivyo hatapata kuzaa, na kwamba nguo za mchezo huo si nguo za kuvaliwa mbele za watu. Karani aniuliza, "Mimi ni baba, nami ni mtoto wa mama yangu. Nisimame upande upi?"

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, na sitalijibu mpaka kwanza tuutazame mchezo wenyewe, maana wengi wetu hatuujui. Ifikapo Michezo ya Olimpiki, masikio yetu sote watu wa Kenya huwa kwenye mbio. Wala si ajabu. Tangu Wilson Kiprugut alipotupatia medali ya kwanza, ya shaba, katika mbio za mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, hadi michezo ya Paris ya mwaka 2024, medali zetu zote za Olimpiki zimetoka katika riadha na ngumi. Sisi wa Ukambani nasi tuna sehemu yetu katika sifa za mbio: Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda mbio ndefu za Boston miaka mitatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995, na Patrick Makau akaivunja rekodi ya dunia mjini Berlin mwaka 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Basi mtoto wa kwetu akionekana ana miguu, kila mtu ajua la kumwambia: kimbia. Lakini mtoto akionekana ana mgongo laini kama ukindu na haogopi kuwa kichwa chini miguu juu, hatuna la kumwambia ila, "Acha utundu, utaumia."

Sasa sikilizeni habari ya Paris. Tarehe 4 Agosti, 2024, katika ukumbi wa Bercy, msichana wa miaka 17 aitwaye Kaylia Nemour, aliyevaa rangi za Algeria, alipaka viganja vyake unga mweupe wa kukausha jasho, akasimama mbele ya fito mbili za mlalo, moja juu na moja chini. Akairukia fito ya chini, na tangu hapo hakugusa ardhi mpaka alipomaliza. Alijizungusha, akaiachia fito, akapaa hewani, akaidaka tena. Akatoka ya chini kwenda ya juu na ya juu kurudi ya chini, kama tumbili arukaye tawi hadi tawi, ila tumbili haulizwi kama miguu yake imenyooka. Waamuzi wakampa pointi 15.700. Qiu Qiyuan wa Uchina alipata 15.500, na Sunisa Lee wa Marekani akapata 14.800. Hiyo ikawa medali ya kwanza ya jimnastiki kupatwa na nchi ya Afrika katika Olimpiki, tena ikawa ya dhahabu.

Na Binti Qiu hakuwa mpinzani mgeni. Mwaka 2023, katika mashindano ya ubingwa wa dunia mjini Antwerp, ndiye aliyemshinda Binti Nemour katika fito hizo hizo, Nemour akatoka na fedha. Nayo pia ilikuwa medali ya kwanza ya Mwafrika katika mashindano yale. Mwaka 2025, mjini Jakarta, Nemour akautwaa na huo ubingwa wa dunia.

Hapa yafaa niseme jambo bila kuficha. Binti huyu alizaliwa Ufaransa na kufundishwa Ufaransa, katika klabu ya mji mdogo wa Avoine. Algeria ni nchi ya upande wa baba yake. Aliugua magoti akapasuliwa, kisha ukazuka ugomvi baina ya klabu yake na chama cha jimnastiki cha Ufaransa juu ya kurudi kwake mazoezini na mahali pa kufanyia mazoezi, na mwisho akachagua kuichezea Algeria. Wako wasemao kwamba kwa sababu hiyo medali ile si ya Afrika. Mimi siwaungi mkono, kwa maana damu ni damu na bendera ni bendera. Lakini siwabezi pia. Fito alizojifunzia hazikuwa Algiers. Magodoro aliyoyaangukia maelfu ya mara kabla ya kujua kuanguka vizuri yalikuwa Avoine. Mtu ashangiliaye medali ile na asiulize magodoro yalitoka wapi hajaielewa nusu yake.

Wengine watauliza, hizo pointi 15.700 huhesabiwaje? Wakulima wa kahawa wa Kangundo na Matungulu wataelewa upesi kuliko watu wa mjini. Kahawa yetu hupimwa mara mbili. Kwanza hupitishwa kwenye chekeche, buni kubwa ikaitwa AA, inayofuata AB, na kadhalika. Kisha huja mwonjaji na kikombe chake, naye haulizi ukubwa, auliza ladha. Jimnastiki ni hivyo hivyo. Waamuzi wa kundi la kwanza huhesabu ugumu wa mambo aliyoyafanya mchezaji, kila mruko na thamani yake. Hilo ndilo chekeche. Waamuzi wa kundi la pili huanza na pointi 10 kamili, nao hukata: kosa dogo, kama goti kupinda kidogo, sehemu 0.1, kosa la kati 0.3, kosa kubwa 0.5, na kuanguka pointi 1 nzima. Hicho ndicho kikombe. Kisha hesabu mbili hujumlishwa. Binti Nemour alipata 7.2 kwa ugumu na 8.5 kwa usafi. Mwenye kufanya mambo magumu kwa uchafu hashindi, na mwenye kufanya mambo mepesi kwa usafi hashindi pia.

Hesabu hii ya namna mbili ilianza kutumika mwaka 2006. Kabla ya hapo kilele kilikuwa pointi 10, na watu waliamini haifikiki. Tarehe 18 Julai, 1976, mjini Montreal, Nadia Comăneci wa Rumania, mtoto wa miaka 14, alitoka kwenye fito, na ubao wa matokeo ukaonyesha 1.00. Watu wakaduwaa. Ubao ule haukutengenezwa kuonyesha 10.00, kwa kuwa hakuna aliyedhani itahitajika. Akaipata pointi 10 mara saba katika michezo ile. Sisi hatukuwapo kuyaona. Siku zile zile Kenya, pamoja na nchi nyingi za Afrika, ilikuwa imejitoa Montreal kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi, na haki ilikuwa upande wetu. Lakini huenda ndiyo sababu mojawapo jina la Nadia halikuota mizizi katika vijiji vyetu kama lilivyoota kwingineko, ambako wasichana wengi walianza kuning'inia kwenye kila kitu kilichoweza kuwabeba.

Makarani nao watapenda kisa hiki. Siku moja baada ya ushindi wa Nemour, yaani tarehe 5 Agosti, 2024, wasichana walishindana katika mazoezi ya sakafuni. Rebeca Andrade wa Brazili alipata dhahabu, Simone Biles wa Marekani fedha, na Jordan Chiles wa Marekani akawa wa tano. Mwalimu wake akawaendea waamuzi kulalamika kwamba jambo moja gumu alilolifanya halikuhesabiwa. Wakakagua, wakamwongezea 0.1, akapanda hadi wa tatu, wakasimama jukwaani wanawake watatu weusi kwa mara ya kwanza katika mchezo huo kwenye Olimpiki. Baada ya siku chache, mahakama ya michezo ikaamua kwamba malalamiko yale yaliletwa baada ya dakika 1 na sekunde 4, na kanuni inaruhusu dakika 1 tu. Kwa sekunde 4 shaba ikapewa Ana Bărbosu wa Rumania, naye Chiles akakata rufani hadi mahakama kuu ya Uswisi. Nani tena atasema kwamba kuangalia saa ni kazi ya makarani peke yao?

Basi turudi nyumbani. Msomaji aliyekulia Ukambani atakuwa amekwisha kujiuliza: mambo haya ya kujirusha na kupinduka hewani, je, si yetu? Ni yetu. Katika ngoma zetu iko iitwayo mbeni, ngoma ya vijana wepesi, wavulana na wasichana. Filimbi hulia, ngoma ndefu zikajibu, na katikati ya duara kijana hujitupa juu, akageuka hewani, akatua kwa miguu miwili. Angalieni jambo moja ambalo wageni hawalioni: hatui mahali popote, bali hutua juu ya mpigo. Akitua kabla ya ngoma au nyuma yake, watu hucheka, hata kama mruko wake ulikuwa wa ajabu. Huko Paris mwanamke afanyapo mazoezi ya sakafuni huchezea muziki, muda usiozidi sekunde 90, juu ya uwanja wa mita 12 kwa 12 wenye springi chini yake. Mcheza mbeni huchezea udongo mtupu wa kiangazi, mgumu kama matofali. Ni nani kati ya hao wawili mwenye kazi ngumu zaidi? Sitaki kuamua, lakini najua ni nani mwenye magoti yatakayodumu.

Tena babu zetu waliuona upande wa pili wa jambo hili, yaani upande wa amri na mstari. Wakamba waliandikwa kwa wingi katika jeshi la KAR wakati wa vita vyote viwili vikuu, na waliorudi walirudi na mazoezi ya viungo ya kijeshi. Mazoezi ya Wazungu yenyewe hayakuanzia katika anasa. Aliyeyaeneza kwa vyuma na fito alikuwa mwalimu mmoja Mjerumani, Friedrich Ludwig Jahn, aliyefungua uwanja wa wazi nje ya Berlin mwaka 1811, akikusudia kuwakaza vijana wa nchi yake iliyokuwa imeshindwa na Napoleon. Uwanja wa wazi, wasomaji wangu, wenye magogo na nguzo. Lile jumba la kioo na taa lilikuja nyuma sana.

Kwa nini basi kipaji hiki hakijafika Olimpiki? Jibu ni kwamba kimefika kwingine. Nendeni Bomas of Kenya, Langata, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1971, mwone ngoma zetu zikichezwa na wanasarakasi wakipandiana mabegani. Nendeni Ngara, Nairobi, katika jengo lililokuwa sinema ya Shan, ambako shirika la Sarakasi, lililoanza mwaka 2001, limewafundisha vijana wengi kutoka mitaa maskini. Vijana wa Kenya wamekwenda kufanya sarakasi katika mahoteli ya pwani, katika nchi za Ghuba, Ulaya, Marekani na Asia. Wanajua kuruka katika pete za moto na kupita chini ya ufito ulioshushwa hadi urefu wa kifundo cha mguu. Hulipwa, nao huwatunza wazazi wao. Siwalaumu hata kidogo. Medali haijazi debe la mahindi.

Lakini tofauti ipo, nayo ni hii. Mwanasarakasi hufanya lile linalomfurahisha mtazamaji, na akikosea hutabasamu akaendelea. Mchezaji wa jimnastiki hufanya lile lililoandikwa kitabuni, na goti lake hutazamwa na waamuzi. Kijana aliyejifunza mwenyewe hadi miaka 16 huwa amejijengea mazoea ambayo mwalimu hawezi kuyafuta tena. Mchezo huu hutaka mtoto wa miaka sita, saba, minane. Ndiyo maana swali la karani wetu haliwezi kungoja mpaka binti amalize shule.

Nakumbuka habari ya Mutisya Munge wa Wamunyu, katika kaunti hii hii. Alikwenda Tanganyika katika vita vya 1914 hadi 1918, akauona uchongaji wa vinyago, akarudi akaanza kuchonga. Mtu mmoja, na patasi yake. Wakamfuata jamaa, wakafuata majirani, na baadaye wachongaji wa Kikamba wakaunda chama chao cha ushirika Mombasa, hata vinyago vya Ukambani vikajulikana kila mahali watalii wafikapo. Kipaji cha mkono kilikuwapo siku zote. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuuona ufundi na kuurudisha kijijini. Labda mwalimu yule aliyemwona mtoto nyasini ni mtu wa namna hiyo. Labda siye. Lakini amefanya jambo ambalo walimu wengi hawalifanyi wakati wa mapumziko, yaani ametazama.

Sasa nimjibu nyanya, kwa heshima zote, moja baada ya moja.

Kuhusu shingo, mama yetu, hukusema uongo. Mwezi wa Julai mwaka 1980, siku chache kabla ya Olimpiki ya Moscow, Elena Mukhina wa Urusi, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1978, alikuwa akifanya mruko mgumu ambao alikwisha kuwaambia walimu wake kwamba hajauweza, tena mguu wake ulikuwa haujapona sawasawa baada ya kuvunjika. Alitua kwa kidevu. Akapooza tangu shingo hadi chini, akaishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 2006. Mruko ule ulikuja kupigwa marufuku kwa wanawake. Sitaki baba yeyote apeleke mtoto bila kukijua kisa hiki. Lakini tazameni kilichomvunja: si mchezo peke yake, ni kulazimishwa. Miaka 41 baadaye, mjini Tokyo, Simone Biles, mwenye dhahabu nne za Rio 2016, aligundua kwamba akiwa hewani hajui tena juu ni wapi na chini ni wapi. Akaacha mashindano ya timu katikati. Wako waliomwita mwoga. Mimi nasema aliiokoa shingo yake, na mwaka 2024 mjini Paris shingo hiyo hiyo ilivishwa medali tatu za dhahabu na moja ya fedha. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwalimu wa Nairobi silo "Je, mtoto ataanguka?" Ataanguka, kila siku. Swali ni, "Mtoto akisema siwezi, wewe husemaje?" Baba asikilize jibu, na atazame uso wa mjibuji.

Kuhusu uzazi, nina furaha kumletea nyanya habari njema. Bibi Larisa Latynina wa Urusi, mzaliwa wa Kherson katika Ukraini, alijipatia medali 18 za Olimpiki tangu mwaka 1956 hadi 1964, tisa kati yake za dhahabu. Mwaka 1958, mjini Moscow, alishinda dhahabu tano za ubingwa wa dunia akiwa na mimba ya miezi minne, kisha akajifungua binti mzima mwenye afya. Sisemi wajawazito wakaparamie fito. Nasema tu kwamba viungo vilivyozoea kazi havikatai kuzaa. Yuko pia Oksana Chusovitina wa Uzbekistani, aliyeshiriki Olimpiki nane, tangu 1992 hadi ile ya Tokyo iliyofanyika 2021, alipokuwa na umri wa miaka 46. Mwanawe alipopata saratani ya damu, alihamia Ujerumani kwa ajili ya matibabu, akashindana ili apate fedha za kumtibu, na mwaka 2008 mjini Beijing, akiwa na miaka 33, akaipatia Ujerumani medali ya fedha katika kuruka farasi wa mbao. Mtoto akapona. Nikimtaja mama huyu mbele ya kina mama wa kanisani, hakuna anayeniuliza tena kama mchezo huu unawafaa wanawake.

Wengine hunong'ona kwamba mchezo hudumaza watoto. Madaktari waliochunguza hueleza kwamba mchezo huwachagua wafupi zaidi ya kuwafupisha. Mtu mfupi hujizungusha upesi, kama vile kijiti kifupi kinavyozunguka upesi kuliko kirefu. Biles ana kimo cha sentimita 142. Njaa ndiyo hudumaza. Na mwalimu yeyote amwambiaye msichana anayekua apunguze chakula aachwe siku hiyo hiyo.

Kuhusu nguo, nyanya yu katika haki yake, na kanuni ziko upande wake pia. Huko Tokyo wanawake wa Ujerumani walishindana wakiwa wamevaa nguo zilizofunika miguu yao hadi vifundoni, wakieleza kwamba kila mwanamke avae kile atakachojisikia vizuri nacho, wala hawakukatwa pointi hata moja. Mshonaji yeyote wa soko la Machakos aweza kushona nguo ya namna hiyo kwa kitambaa cha kunyooka.

Liko jambo la nne ambalo nyanya hakulitaja, nami ningependa angelitaja, kwa sababu ndilo linalonitia hofu kuliko shingo. Mwezi wa Januari, 2018, katika jimbo la Michigan, daktari wa timu ya Marekani, Larry Nassar, alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175 kwa kuwanajisi wasichana waliopelekwa kwake kutibiwa. Wanawake na wasichana zaidi ya 150 walisimama mahakamani au kupeleka maneno yao wakaeleza waliyotendewa, na wengi wao walikuwa wachezaji wa jimnastiki. Biles naye alikuwa mmoja wa waliodhulumiwa, naye alitoa ushahidi mbele ya Baraza la Seneti mwaka 2021. Wasichana wengine walikuwa wamesema mapema, wakaambiwa wamekosea. Katika mchezo huu mwalimu hana budi kumshika mtoto kiunoni na mgongoni ili asianguke. Hilo ni la lazima. Basi mlango wa ukumbi uwe wazi. Mzazi awe na ruhusa ya kukaa na kutazama saa yoyote bila kubisha hodi mara mbili. Mtoto asisafirishwe na mtu mmoja peke yake, wala asitibiwe peke yake chumbani. Mahali ambapo mzazi huambiwa "Mwache tu, njoo jioni", si mahali pa kumpeleka.

Kwa hiyo, ndugu yangu karani, jibu langu ni hili. Mpeleke, lakini mchukue na nyanya. Mlipie nauli ya Jumamosi ya kwanza, aketi kwenye benchi, aone kwa macho yake magodoro, mwalimu na mlango. Atakaporudi, uamuzi uwe wake pamoja na mama mtoto, na wewe ukubali. Kama akisema hapana baada ya kuona, basi ni hapana yenye macho.

Na kwa wale walio mbali na Nairobi, mathalani mwalimu wa Masii aliyeuliza mwezi uliopita kama shule isiyo na fedha yaweza kuanza: yaweza. Mtaala wa umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka 2019, umetia michezo ya viungo ndani yake, kama kubiringika na kusimama kwa mizani, kwa hiyo hakuna mkaguzi atakayemwuliza kwa nini. Waanze kubiringika mbele, kidevu kikiwa kimegusa kifua, viganja vikiwa chini, uzito ukitua begani wala si kichwani. Kupinduka nyuma kusifundishwe na mtu asiyefundishwa. Wazazi wakifanya mwethya wa siku moja wataweza kuchimba shimo na kulijaza mchanga laini kwa ajili ya kuruka na kutua kwa miguu. Mchanga wa mito yetu hupakiwa malori kila siku kwenda kujenga maghorofa ya Nairobi. Lori moja likishushwa shuleni, ghorofa halitalia. Lakini mchanga ni wa miguu tu. Pa kutua kwa mgongo patakiwa godoro nene, lisilo na shimo.

Vipimo alivyoviomba ni hivi. Katika mashindano fito za wanawake huwa sentimita 250 na 170 juu ya sakafu, nazo asizijaribu kuzitengeneza mwenyewe. Boriti ya mizani ina urefu wa mita 5, upana wa sentimita 10, na husimama sentimita 125 juu ya sakafu. Fundi apate gogo la mkaratusi lililokauka, alipasue kwa upana huo, alipige msasa mpaka lisimchome mtoto, alilaze chini kabisa juu ya nyasi. Watoto watembee juu yake kwenda na kurudi, kisha kwa kinyumenyume, kisha wageuke kwa mguu mmoja. Aweza kulitumia mwaka mzima likiwa hapo chini kabla ya kufikiria kuliinua hata kwa shubiri moja.